Vyeti Tulivyoviacha Ng'ambo ya Rusizi

Mibirizi, misheni ya Mapadre Weupe tangu 1903, si mbali na mpaka tuliouvuka Juni 2004 tukikimbia vita vya Bukavu. Tulibeba watoto, diploma za serikali tuliziacha. Baadaye, vijana walipoomba vyuo vya ng'ambo, waliulizwa diploma na pasipoti.

Mkataba wa 1951 haukutusahau: kifungu cha 22 chagusa kutambuliwa kwa vyeti, cha 28 hati ya kusafiria. Kanada ilianza kudhamini wanafunzi wakimbizi 1978. Ufadhili wa DAFI, kwa masomo katika nchi ya hifadhi, ulianza 1992.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana, tunzeni karatasi zenu. Ndugu wa mashirika, msichoke tukiuliza.