Wagosi Walipoutaja Mji

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wawili wa Tanga, Mkoloni na Dr. John, walitoa albamu yao ya kwanza, *Ukweli Mtupu*. Walijiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Mgosi ni neno la Wabondei. Ndugu zao Washambaa, huko Lushoto na Vuga, hutamka mgoshi. Watu wa miji mingine walizoea kulitumia kwa utani, kuicheka lafudhi ya Tanga. Vijana hawa wakalivaa kama kilemba.

Usambara ilikwisha kuingia katika maandishi ya Kiswahili zamani. Abdallah bin Hemedi aliandika *Habari za Wakilindi*, tarihi ya watawala wa Vuga, iliyochapwa kati ya 1895 na 1907. Yeye aliisimulia milima kwa lugha ya pwani. Safari hii neno la wenyeji liliingia likaketi katika wimbo wa mjini.

Wimbo wao «Tanga Kunani» uliuliza kilichousibu mji huo. Mkonge uliletwa mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga kuelekea milimani. Mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 hazikufika 30,000. Nyuzi za viwandani ziliiangusha bei, mashamba ya chini ya milima yakaota magugu, na kazi zikapotea mjini.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alipotaka kuukemea utawala katika *Kusadikika* (1951), aliijenga nchi angani na kumpa Karama ulimi wa kujitetea. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Fumbo lilikuwa ngao yake. Wagosi waliitupa ngao hiyo. Mji waliutaja kwa jina lake, na katika «Wauguzi» wakawasema waziwazi wahudumu wanaomdhalilisha mgonjwa.

Mshairi wa kimapokeo atasema mizani imevunjwa, na atakuwa amesema kweli. Lakini vina vimebaki, na majibizano ya sauti mbili, mmoja akiuliza na mwenziwe akiongeza, ni mila kongwe ya malenga wa pwani. Fumbo humwachia mtawala nafasi ya kujifanya hakuelewa. Aliyeulizwa «Tanga kunani?» hakuachiwa nafasi hiyo.