Kiduha

Kiduha (*Striga*) ni gugu kimelea la jamii ya Orobanchaceae linalojishikiza kwenye mizizi ya nafaka kama mahindi, mtama, ulezi na mpunga. Spishi zinazosumbua zaidi wakulima wa Afrika Mashariki ni *Striga hermonthica*, yenye maua ya waridi au zambarau na inayoenea hasa kandokando ya Ziwa Victoria, na *Striga asiatica*, ambayo kwa kawaida huwa na maua mekundu.

Mbegu zake, zenye urefu wa takriban milimita 0.3, huweza kubaki hai udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Huota zinapopata strigolaktoni, kemikali zinazotolewa na mizizi ya mimea iliyo karibu. Kimizizi cha mbegu iliyoota kikigusa mzizi wa mmea mwenyeji, ncha yake huvimba na kuwa haustoria, kiungo kinachopenya hadi kwenye zailemu (mishipa ya kusafirisha maji) na kufyonza maji, madini na sehemu ya chakula. Hatua hii hufanyika chini ya ardhi kwa wiki kadhaa, hivyo zao hudumaa na majani kugeuka manjano hata kabla kiduha hakijachomoza. Kikishachomoza, majani yake mabichi hujitengenezea chakula kwa kiasi.

Kiduha hudhibitiwa kwa kilimo cha mzunguko, kung'oa kabla hakijatoa mbegu, na kupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi.