Kutoka Kabimba hadi Hombolo: Njia ya Divai

Kabimba iko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika eneo la Kalemie. Wengi wanaijua kwa saruji, maana mawe ya chokaa yako karibu na ziwa. Usiku taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa majini. Ukiuliza kinywaji cha mwambao huu utaonyeshwa malafu, pombe ya mchikichi: hugemwa asubuhi yakiwa matamu, na jua likizama yameshakuwa makali. Habari ya divai ingeweza kuishia hapo. Lakini mwambao huu uliwahi kuhitaji divai nyingine, nayo ilikuja kwa miguu kutoka Bahari ya Hindi.

Kanuni ya Kanisa Katoliki iko wazi: divai ya misa lazima itokane na zabibu. Malafu, hata yawe safi namna gani, hayafai altareni. Kwa hiyo msafara wa Mapadri Weupe ulipoondoka Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Ujiji mwanzoni mwa 1879, divai haikuweza kuachwa nyuma. Mwaka 1885 wakavuka kwenda kulipokea boma la Mpala, lililoanzishwa na Mbelgiji Émile Storms miaka miwili kabla. Huku ndiko alikozaliwa Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, aliyepadrishwa Baudouinville, leo Moba, Julai 1917, akiwa padri mzalendo wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Alifariki mwaka 1951 Albertville, yaani Kalemie yetu ya leo.

Njia waliyopita mapadri hawakuichonga wao. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, na ni haki kulitaja hilo kabla ya divai. Misafara kutoka Manyema ilishuka Mtowa, kaskazini mwa Kalemie, ikavuka kwa mitumbwi na majahazi hadi Ujiji. Mwaka 1858 John Speke alivuka kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, upande huu wa Kongo, akitafuta jahazi la mfanyabiashara Mwarabu. Kutoka Ujiji njia ilipita Uvinza kwenye chumvi, ikafika Tabora, ikaingia pori la Mgunda Mkali, kisha Ugogo, Mpwapwa, hadi Bagamoyo. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inafuata mwelekeo huohuo, hivyo anayetaka kuirudia njia leo avuke ziwa kwa boti, apande treni Kigoma na kushuka Dodoma.

Ugogo ndiko misafara ilikokuogopa. Maji yalikuwa haba, na watemi wa Kigogo walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliopita katika nchi yao. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia hongo hiyo kurasa kwa kurasa. Mimi naona watemi walikuwa na hoja: aliyechimba kisima katika nchi ya kiu ana haki ya kumtoza mpita njia anayekuja na mamia ya midomo.

Ukame huohuo ndio unaoipa zabibu afya. Mzabibu hauupendi unyevu, kwa sababu huleta ukungu kwenye majani na kuozesha vichala. Dodoma, iliyomo Ugogo humohumo, ina jua kali, mvua za msimu mmoja, udongo wa kichanga na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji; gereza la Isanga nalo likawa na mashamba yake; kilimo kikaenea vijijini. Hapa mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti au Septemba, neema ambayo wenzake wa Ufaransa hawana.

Hombolo, kaskazini mashariki mwa mji, kuna bwawa, na karibu nalo mizabibu imesimama safu kwa safu juu ya nguzo na waya. Kazi ngumu ni kupogoa. Mkulima hukata tawi lililokomaa, akiacha macho machache tu, na mahali alipokata hudondoka matone ya maji, dalili kwamba mzizi uko hai. Asiyepogoa hupata majani mengi na vichala vichache. Wakati wa kuvuna, watu huingia shambani alfajiri na mikasi, kabla jua halijazichemsha zabibu. Mchana ni ugali wa uwele kwa mlenda, na penye sherehe wanawake wa Kigogo hupiga ngoma ya muheme.

Zabibu haingoji mnunuzi. Ikishaiva, siku chache zinatosha kuiharibu, na hapo ndipo mkulima hunyongwa na bei. Kiwanda cha umma cha DOWICO kilipoyumba, wengi waliacha mashamba yao yakafa. Baadaye vikaja viwanda vya watu binafsi, kama CETAWICO na Alko Vintages, na mashamba ya umwagiliaji kama Chinangali II, wilayani Chamwino. Wengine sasa hukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, wakisubiri viwanda viununue. Mchuzi humpa mkulima muda, lakini tangi lililojaa likikosa mnunuzi ni fedha iliyofungwa, na msimu mwingine unakuja.

Macho ya wakulima hawa yako Dar es Salaam, kwenye ushindani na chupa za Afrika Kusini. Kwa nini yasigeuke pia magharibi? Reli inaishia Kigoma, na ng'ambo ya maji kuna Kalemie na Moba, zenye parokia, hoteli na harusi za kila Jumamosi. Mamlaka za biashara na forodha za pande zote mbili zikikaa meza moja kulizungumzia soko hili, mkulima wa Hombolo atakuwa na mnunuzi wa pili wa kumkimbilia bei ya kwanza inapoanguka.