Ubungo ilivyopigwa picha kutoka angani tangu 1972

Julai 23, 1972, Marekani ilirusha Landsat 1, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama nchi kavu. Wakati huo Dar es Salaam, ukielekea Morogoro, ilikuwa kama inaishia Ubungo: kiwanda cha Urafiki, Chuo Kikuu pale Mlimani, na Manzese iliyokuwa ikijaa watu. Mbele yake, Mbezi na Kibamba, palikuwa mashambani.

Landsat 1 haikuona nyumba moja moja. Kila nukta ya picha yake ilibeba eneo la mita 80 hivi kwa upande. Lakini ilipima hata mwanga usioonekana kwa macho yetu, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi, na kwa mwanga huo shamba la mikorosho hutofautishwa na mtaa wa mabati. Landsat 5 ya 1984 ilifikia mita 30; Sentinel-2 ya Ulaya, mwaka 2015, mita 10.

Zipange picha hizo kwa miaka, utaona jiji halikupanuka kwa duara. Lilitambaa kufuata barabara za Morogoro, Bagamoyo, Pugu na Kilwa, kisha nyumba zikajaza katikati, hadi doa kubwa la kijani kaskazini mwa Mbezi likabaki msitu wa Pande tu. Watu walijenga palipofikika kwa daladala. Mpango Mkuu wa 1979 uliendelea kuwa ndio mpango wa jiji kwa miongo, huku mkoa ukifikisha watu 4,364,541 mwaka 2012. Wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, ilivuka milioni moja katika sensa ya 2022.

Picha nazo hudanganya. Mawingu ya pwani huziba, udongo mkavu hufanana na bati chakavu, mwembe huficha nyumba nzima. Na hakuna setilaiti inayojua kiwanja ni cha nani.

Hadi 2008 picha za Landsat zilinunuliwa kwa dola. Mwaka huo Marekani ikazifungua bure. Kwa hiyo sioni kisingizio cha mamlaka kupima viwanja baada ya watu kuhamia.

Nawe unayetaka kiwanja Kwembe au Goba, kabla hujampa dalali hela, fungua Google Earth kwenye kompyuta, urudi nyuma miaka 15. Kama hapo palikuwa mkondo wa maji, achana nacho.