Kuharisha kwa Watoto Wachanga: Somo la Nyumba kwa Nyumba nchini Bangladesh

Kuharisha kwa mtoto mchanga hakutambuliwi kwa kuhesabu choo peke yake. Anayenyonya maziwa ya mama huweza kupata choo laini cha manjano mara nyingi kwa siku naye ni mzima kabisa. Dalili ni kubadilika kwa hali yake: choo kinakuwa majimaji na kuja mara nyingi kuliko alivyozoea. Hatari kubwa ni kupungukiwa maji mwilini, ambako huonekana macho yanapoingia ndani, utosi unapobonyea, mkojo unapopungua, na ngozi ya tumbo inapochelewa kurudi baada ya kufinywa.

Tiba ya kurudisha maji kwa kinywa ilikomaa katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Mwaka 1968, David Nalin na Richard Cash, watafiti wa maabara ya kipindupindu ya Dhaka, walionyesha kuwa mgonjwa akinywa maji yenye chumvi na glukosi huhitaji dripu kidogo tu, kwa sababu glukosi huusaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh vya 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliitumia njia hiyo miongoni mwa wakimbizi huko Bangaon, India, baada ya dripu kupungua. Ndugu za wagonjwa ndio walionywesha, na vifo vikashuka kutoka takriban 30% hadi chini ya 4%.

Mwaka 1979 shirika la BRAC lilianza kuipeleka tiba hiyo vijijini. Wanawake waliofunzwa walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwaelekeza akina mama kuchanganya nusu lita ya maji, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na konzi moja ya sukari guru. Malipo ya mwalimu yalitegemea mambo ambayo akina mama walikumbuka wakaguzi walipopita baadaye.

Akina mama walikumbuka vizuri, lakini wengi hawakuitumia tiba hiyo. Uchunguzi ulibaini kwamba wanavijiji walitenganisha aina kadhaa za kuharisha. Choo cha mtoto anayenyonya, walichokihusisha na maziwa ya mama, kilikuwa aina moja. Kuharisha kwa chakula kisichosagika, nyingine. Choo chenye kamasi au damu, nyingine tena. Jina la kuharisha walilotumia walimu wao waliliona ni la ugonjwa mkali unaofanana na kipindupindu. Isitoshe, baadhi ya walimu hawakuiamini tiba waliyoifundisha. BRAC ikarekebisha mafunzo, ikawaeleza walimu namna tiba inavyofanya kazi, na ikawashirikisha wanaume.

Hadi 1990 kampeni hiyo ilikuwa imefikia kaya zaidi ya milioni 12. Baadaye pakiti za dukani zilichukua nafasi ya mchanganyiko wa nyumbani, na mwaka 2004 WHO na UNICEF zilipendekeza mtoto anayeharisha apewe pia zinki. Mtoto mchanga huendelea kunyonyeshwa anapotibiwa. Akilegea, akishindwa kunyonya au choo kikiwa na damu, hupelekwa kituo cha afya bila kuchelewa.