HIAS: historia fupi ya shirika, ikitazamwa kutoka Eldoret

Mwaka 1903 watu waliokuwa wakikimbia kuuawa walitafutiwa makao hapa Uasin Gishu, na wenyeji hawakuulizwa. Historia ya HIAS, shirika la Kiyahudi ambalo limekuwa likihudumia wakimbizi Nairobi tangu 2002, huanzia New York. Sisi wa Eldoret tuna sababu ya kuianzia kwetu.

Aprili 1903, mjini Kishinev katika dola la Urusi, magenge yaliwavamia Wayahudi kwa siku mbili, yakaua watu 49 na kuvunja mamia ya nyumba. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa ametoka kuizuru Afrika Mashariki kwa reli mpya. Alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, kwamba Wayahudi wapewe ardhi huku. Barua rasmi ilitoka London tarehe 14 Agosti. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa sehemu hii ilikuwa imeshahamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Mkutano wa Wazayuni mjini Basel ulikubali kwa kura 295 dhidi ya 178 watumwe watu waje kuiona nchi. Hata wajumbe wa Kishinev wenyewe, waliotoka kuzika watu wao, walipinga.

Mwanzoni mwa 1905 walifika watatu: Meja Gibbons, Alfred Kaiser na Nahum Wilbusch. Waliizunguka nyika hii wakaiona kama haina mwenyewe. Lakini mashimo ya Wasirikwa, wakazi wa kale, yalikuwa yametapakaa kila upande, Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya karne iliyotangulia, na Wanandi walikuwa wakilisha ng'ombe wao humu. Huko Nairobi, Lord Delamere na walowezi wenzake walikuwa wamekwisha kupiga kelele, wala si kwa ajili ya Wanandi. Hawakutaka Wayahudi maskini wa Ulaya Mashariki wawe jirani zao. Ubaguzi ulifanya kazi pande mbili kwa wakati mmoja: Mwafrika hakuhesabiwa, Myahudi alihesabiwa akakataliwa.

Katikati ya mwaka huo Wazayuni waliikataa ardhi hii. Oktoba hiyo hiyo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza, Wanandi wakasukumiwa ndani ya mipaka, na kufikia 1908 Makaburu walikuwa wanapanda mlima na mikokoteni yao kuja kugawiwa mashamba. Shamba namba 64 likawa mji wa Eldoret, nao wazee wakauita Sisibo.

Wakati haya yakitendeka, Wayahudi wa New York walikuwa wamechagua njia nyingine. HIAS, ambayo huhesabu mwanzo wake 1902, haikutafuta nchi ya kuwapa wakimbizi. Ilisimama mlangoni. Kuanzia 1904 mwakilishi wake katika kisiwa cha Ellis, ambako wahamiaji walikaguliwa, alikuwa Alexander Harkavy, mtunzi wa kamusi za Kiyidishi. Ni vigumu kufikiria mtu aliyefaa zaidi kwa kazi hiyo. Aliyeshuka melini haelewi anachoulizwa na afisa aliweza kurudishwa alikotoka kwa jibu moja baya. Shirika liliwatafsiria watu, liliwakopesha fedha za kuingilia, na liliwakatia rufaa waliokataliwa. Mwaka 1909 liliungana na jumuiya iliyokuwa ikiwapa wahamiaji malazi, likaongozwa na Leon Sanders, na 1911 likafungua pale kisiwani jiko la chakula halali kwa Wayahudi.

Sheria ya Marekani ya 1924 iliufunga mlango huo. Shirika likatoka nje: mwaka 1927 liliungana na mengine mawili kuunda HICEM, iliyosaka viza na nauli za meli hadi ndani ya miaka ya Hitler. Kenya nayo ilipokea Wayahudi wachache wa Ujerumani. Mwandishi Stefanie Zweig aliletwa akiwa mtoto mwaka 1938, baba yake, mwanasheria, akawa msimamizi wa shamba kule Rongai. Vita vilipoanza, Waingereza walimweka baba huyo kizuizini kama adui.

Mwaka 1975 HIAS ilianza kuwapokea Wavietnamu na Wakambodia, watu wasio Wayahudi. Hapo ndipo naona ukubwa wa viongozi wake. Shirika ambalo watu wake walikuwa wakihama kwa usalama lingeweza kufunga ofisi na kushukuru. Mark Hetfield, aliyeliongoza tangu 2013, amelieleza jambo hili mara nyingi: zamani waliwasaidia wakimbizi kwa kuwa ni Wayahudi, sasa wanawasaidia kwa kuwa wao wenyewe ni Wayahudi. Wazo hilo halikuwa la New York peke yake. London, mwaka 1976, Edie Friedman alianzisha JCORE, baraza la Kiyahudi la kutetea usawa wa rangi pamoja na haki za wakimbizi.

Nairobi, HIAS iliwakuta Wasomali, Wakongo, Waethiopia na Wasudani wanaoishi mijini bila hema wala mgao wa kambini. Imewapa ushauri nasaha, imewalinda wanawake waliobakwa na watoto waliotengana na wazazi, na imewaombea waliomo hatarini nafasi katika nchi nyingine. Imekuja bila kuomba ekari hata moja.

Sisi tunajua thamani ya hilo. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, baada ya kanisa la Kiambaa kuchomwa na watu wakiwa ndani, maelfu ya majirani zetu walilala katika uwanja wa maonyesho wa ASK hapa mjini, kwa sababu ya swali lile lile la nani mwenye ardhi na nani mgeni.

Kazi ya HIAS imewaletea Wayahudi wenyewe damu. Oktoba 2018, mtu mwenye silaha aliitaja HIAS kwa chuki mtandaoni, kisha akaingia katika sinagogi la Pittsburgh na kuua waumini 11. Shirika halikuacha. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kuruhusiwa kusafiri, wengine wakiwa hapa Kenya, wakafutiwa safari. Februari HIAS na mashirika mawili ya Kikristo walifungua kesi dhidi ya serikali hiyo katika mahakama ya Seattle, bega kwa bega na wakimbizi wenyewe.