Mahututi Nje ya ICU: Muuguzi wa Berega na Mamlaka ya Kutuliza Maumivu

Tangu UVIKO-19, mjadala wetu kuhusu wagonjwa mahututi umekuwa mjadala wa majengo. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, dola milioni 567, ulisaidia kujenga vyumba vya ICU nchini Tanzania, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na dhana iliyokuja nayo, kwamba huduma kwa mahututi anayekata roho ni jambo la ICU.

Dhana hiyo ina asili yake. Utafiti wa Ethicus, uliochapishwa 2003, ulichunguza ICU 37 katika nchi 17 za Ulaya, na swali lake kuu lilikuwa lini tiba ya kurefusha uhai isianzishwe au isitishwe. Wengi wetu tumeliazima swali hilo bila kuuliza kama ndilo letu. Utafiti uliochapishwa katika Lancet mwaka 2025, uliohusisha wagonjwa karibu 20,000 katika nchi 22 za Afrika, ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi mbili ya mahututi walilazwa katika wodi za kawaida. Kwa hospitali ya vijijini kama ile ya Kanisa Anglikana Berega, wilayani Kilosa, takwimu hiyo inamhusu muuguzi wa zamu ya usiku: wodi nzima ni yake, ndugu wamekaa kando ya kitanda, rufaa ya Morogoro haina maana tena, na mgonjwa anahema kwa shida.

Muuguzi huyo anahitaji nini? Uganda ilijibu mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilitumia morfini ya maji: unga unaoyeyushwa na kupimwa kwa mililita, mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili asiamshwe usiku. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa morfini hufunga tumbo. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa, wauguzi waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika wenyewe. Kwetu, hospitali za Ocean Road na Selian zimefanya kazi kubwa ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, lakini mamlaka hayo hayajashushwa kwa muuguzi namna hiyo.

Nitaambiwa kwamba ushahidi wa Uganda ni wa saratani na UKIMWI, si wa mahututi wa ghafla. Ni kweli, na dozi zitahitaji uangalifu zaidi. Hata hivyo, morfini hutuliza pia kukosa pumzi kwa anayekufa, awe na ugonjwa gani. Hofu kwamba huharakisha kifo haina nguvu pale dozi inapoanza ndogo na kupandishwa taratibu. Hoja ya uraibu, kwa mtu aliyebakiza siku mbili, sioni haja ya kuijibu.

Huenda kumpa muuguzi mamlaka hayo kukapunguza mateso ya watu wengi kuliko vitanda vipya vya ICU. Wizara ya Afya na Baraza la Uuguzi na Ukunga waanzie katika vyuo vya uuguzi vya vijijini, cha Berega kikiwamo: wafundishe tiba shufaa kwa vitendo wodini, kisha wawape wahitimu kibali cha kuandika morfini ya maji.